Nguo za Watoto Njiti: Somo la Kuanzisha Biashara Ndogo ya Ushonaji

Wanafunzi wengi wanaojua kushika cherehani wakiulizwa watashona nini, hujibu: sare za shule, kanzu, mabaibui, magauni ya harusi. Hizo ni kazi nzuri, lakini karibu kila mtaa una mafundi wake tayari. Somo letu la leo linahusu nguo ambayo mzazi wa Kampala, Mbale au Mbarara huitafuta kwa shida siku anapoihitaji, tena huihitaji ghafla. Ni nguo ya mtoto njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla mimba haijatimiza wiki 37.

Mwisho wa somo hili msomaji anatakiwa aweze:

(a) kueleza kwa nini mtoto njiti hupoteza joto haraka, na nguo inamsaidia kwa kiasi gani;
(b) kupanga vipimo vitatu vya kuanzia na kuchagua kitambaa na mshono unaofaa;
(c) kufanya hesabu ya gharama bila kuisahau kazi yake mwenyewe;
(d) kuuza kwa adabu mahali ambapo wanunuzi wako katika dhiki.

Jambo kuu tutakalolishikilia ni hili: biashara hii huanzia wodini, kwenye mwili wa mtoto na kazi ya muuguzi. Cherehani hufuata baadaye. Anayeanza na urembo atashona nguo zinazopendeza dukani lakini wodini hazivaliki.

1. TUNAMSHONEA NANI?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba mwaka 2020 watoto milioni 13.4 walizaliwa kabla ya wakati duniani kote, yaani takriban mtoto 1 kati ya 10. Kwa uzito, mtoto wa chini ya gramu 2,500 huhesabiwa kuwa na uzito pungufu. Wa chini ya gramu 1,500, uzito pungufu sana. Na wa chini ya gramu 1,000, uzito mdogo kupita kiasi.

Picha tunazozoea kuziona ni za wale wadogo kabisa, wanaotosha kwenye kiganja. Lakini zaidi ya asilimia 80 ya watoto njiti huzaliwa kati ya wiki ya 32 na ya 37. Wengi wao wana uzito unaozidi gramu 1,500. Mshonaji asiyelijua hili atajaza sanduku kwa vinguo vidogo mno, kisha ashangae kwa nini haviondoki.

Jambo la pili ni muda. Mtoto njiti akishaanza kunyonya vizuri na kukua, huongezeka takriban gramu 15 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtoto wa kilo 1.5 atafika kilo 2 baada ya wiki tatu hivi. Kwa hiyo kipimo kimoja kitamfaa kwa wiki chache tu. Mzazi hatakubali kulipa bei ya nguo ya mwaka mzima kwa nguo ya wiki tatu, na ana haki. Bei lazima iwe ndogo, na nguo iwe na pindo la kukunjua ili iongezeke kidogo.

Jambo la tatu ni mfuko wa mnunuzi. Mama aliyelazwa na mtoto njiti anaweza kukaa hospitali wiki kadhaa. Kila siku kuna chakula, nauli za wanaokuja kumtazama, dawa na simu. Mara nyingi anayenunua nguo ni baba, bibi, shangazi, au rafiki anayekuja kuwapa pole na hongera kwa pamoja. Tuwakumbuke hao tunapofika kwenye mauzo.

2. JOTO LINAPOTEAJE?

Joto linalotakiwa kwa mtoto mchanga ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5 za Selsiasi. Likishuka chini ya hapo, mtoto hutumia sukari na oksijeni nyingi kujipasha moto badala ya kukua. Akiachwa hivyo huweza kuugua sana na hata kufariki.

Joto hutoka mwilini kwa njia nne. Ya kwanza ni unyevu: mtoto aliyelowa maji au mkojo hupoa kadiri unyevu unavyogeuka mvuke. Ya pili ni kugusana, kwa mfano kulazwa juu ya mzani au shuka baridi. Ya tatu ni hewa inayopita, mfano dirisha lililo wazi. Ya nne ni mnururisho, yaani joto kuhama kutoka mwilini kwenda kwenye ukuta au kioo baridi kilicho karibu, hata kama mtoto hakigusi.

Mtoto njiti huumizwa na njia zote nne kuliko mtoto aliyetimiza miezi. Ngozi yake ni nyembamba. Mafuta yake ya kutengeneza joto ni machache. Eneo la ngozi yake ni kubwa likilinganishwa na uzito wake, na kichwa kinachukua sehemu kubwa ya eneo hilo. Ndiyo maana kofia ndiyo nguo ya kwanza katika orodha yetu.

Wengine husema kwetu hakuna baridi. Kampala iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya mvua mtu mzima huvuta blanketi. Kwa mtoto wa kilo 1.5 aliyelowa, hata mchana wa kawaida unaweza kuwa baridi.

Hapa mshonaji aandike jambo moja ukutani kwake: nguo haizalishi joto, inazuia tu lililopo lisitoke. Mtoto aliyekwisha kupoa ukimvisha nguo, bado amepoa. Anayempasha moto ni mama yake, au vifaa vya hospitali. Tukilielewa hili hatutauza nguo kana kwamba ni dawa.

3. KIFUA CHA MAMA NDICHO NYUMBA YAKE

Mwaka 1978, mjini Bogotá nchini Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikabiliwa na uhaba wa masanduku ya joto ya kuwalaza watoto njiti. Alianzisha utaratibu wa kumweka mtoto wima kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Utaratibu huo sasa unajulikana kama huduma ya kangaruu, kwa kumfananisha mama na mnyama anayebeba mtoto wake mfukoni.

Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ukihusisha watoto zaidi ya 3,200 wenye uzito kati ya kilo 1 na chini kidogo ya kilo 1.8. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali zao zitulie kwanza, vifo vyao vilikuwa pungufu kwa robo. Mwaka 2022 WHO ikapendekeza huduma hii ianze mapema iwezekanavyo kwa watoto njiti, kwa saa 8 hadi 24 kila siku.

Haya yanamhusu fundi moja kwa moja. Mtoto aliye kwenye kangaruu havai suti ya mwili mzima. Huvaa nepi, kofia na soksi tu, na kifua chake kinagusa kifua cha mama. Mwongozo wa WHO wa huduma hii unaeleza kwamba chumba kikiwa na nyuzi 22 hadi 24, hivyo vinatosha. Chumba kikipoa chini ya nyuzi 22, huongezwa shati la pamba lisilo na mikono, lililo wazi mbele, ili uso, kifua, tumbo, mikono na miguu viendelee kugusana na mama.

Basi ile suti nzuri yenye vifungo kutoka shingoni hadi miguuni, inayomfanya shangazi aseme "jamani, kapendeza!", inaweza kumtenga mtoto na ngozi ya mama katika siku anazoihitaji zaidi. Kifurushi chetu cha kuanzia kiwe hiki:

- kofia 2 (moja inavaliwa, nyingine inafuliwa);
- soksi jozi 2;
- shati 1 lisilo na mikono, wazi mbele.

Vipi kuhusu kitambaa cha kumfungia mtoto kifuani? Kitambaa laini cha mraba wa mita moja hivi, kilichokunjwa pembetatu, kinatosha. Mama wengi wanacho tayari: leso au kitenge safi. Mwambie hivyo. Utapoteza mauzo ya kitambaa kimoja, lakini mama huyo ataongea na wenzake wodi nzima, na neno lake litakuwa kwamba wewe si mlaghai.

4. VIPIMO

Usimguse wala kumpima mtoto wa mtu. Wauguzi humpima na kuandika. Omba kuonana na muuguzi msimamizi, jitambulishe, mweleze unachotaka kushona, na umuulize mambo matatu: ni uzito upi wanaoupokea zaidi, mzingo wa vichwa uko kati ya sentimita ngapi na ngapi, na nguo wanazoletewa na ndugu zina kasoro gani. Usiombe jina la mtoto yeyote. Swali la tatu lina faida kuliko mengine yote, na mara nyingi hakuna mshonaji aliyewahi kuwauliza.

Mpaka upate majibu ya kwenu, makadirio haya yatakuongoza:

Namba 1: gramu 1,000 hadi 1,499. Kichwa takriban sm 26 hadi 28. Urefu takriban sm 37 hadi 40.
Namba 2: gramu 1,500 hadi 1,999. Kichwa takriban sm 28 hadi 30. Urefu takriban sm 40 hadi 44.
Namba 3: gramu 2,000 hadi 2,499. Kichwa takriban sm 30 hadi 32. Urefu takriban sm 44 hadi 46.

Zingatia kwamba kofia hufuata kichwa, haifuati uzito. Mtoto aliyekosa lishe tumboni anaweza kuwa na mwili mwembamba na kichwa kikubwa kuliko mwenzake wa uzito huohuo. Kwa hiyo uwe tayari kubadilisha kofia ndani ya kifurushi bila malipo ya ziada.

Kwa majaribio, tengeneza mtoto wa bandia. Jaza mchele gramu 1,500 katika mfuko wa kitambaa laini wenye urefu wa sm 40, na ufanye kichwa cha mviringo chenye mzingo wa sm 28, karibu sawa na chungwa kubwa. Kisha mvishe bila kumnyanyua kichwa na bila kumkunja mkono kwa nguvu. Ikiwa shati linahitaji kuvutwa juu ya kichwa, limeshindwa mtihani. Watoto wengi wana mrija wa chakula puani au sindano ya maji mkononi, na muuguzi hatang'oa mrija kwa ajili ya shati lako.

5. KITAMBAA NA MSHONO

Tafuta kitambaa cha fulana cha pamba tupu, kinachovutika, kisicho kizito. Kampala, wengi huanzia Kiyembe. Muuzaji akisema ni pamba, omba kipande kidogo ukichome nje, kwa uangalifu. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na huacha majivu laini. Kitambaa cha nailoni au polista huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kikiacha vyote viwili, kimechanganywa.

Fua kitambaa kabla ya kukikata, kwa sababu pamba hurudi. Kisugue kwa kitambaa cheupe kilicholowa kuona kama rangi inatoka. Chagua rangi nyepesi, ili uchafu au damu vionekane mapema.

Tumia sindano ya ncha butu ya vitambaa vinavyovutika, na mshono wa zigizaga au wa ovaloki, ili uzi usikatike nguo ikivutwa. Kisha fuata masharti haya yote:

- Mishono iwe nje, upande laini ugusane na ngozi.
- Kata nyuzi zote zinazoning'inia, hasa ndani ya soksi. Uzi mmoja unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu na kuzuia damu isipite. Pindua kila soksi ndani nje uikague kabla ya kuifunga.
- Hakuna vifungo, shanga, maua wala pini.
- Hakuna kamba shingoni wala kidevuni. Shati lifungwe ubavuni kwa vikamba viwili vifupi vya kitambaa kilekile.
- Pindo la kofia na la soksi lisiache alama kwenye ngozi. Kidole kiweze kupita kwa urahisi.
- Pamba la kufumwa au sufi inayowasha lisitumike kugusa ngozi moja kwa moja.

Tufanye hesabu ya kofia ya Namba 2. Kichwa ni sm 29. Kwa kuwa kitambaa kinavutika, kofia iliyokamilika iwe na mzingo wa sm 27. Ongeza sm 1 ya mshono, upate upana wa sm 28. Urefu, pamoja na pindo la kukunja na sehemu ya kukusanya juu, uwe sm 20. Kitambaa chenye upana wa sm 150 kitatoa vipande 5 kwa upana (sm 140), na mita moja itatoa mistari 5. Jumla kofia 25 kwa mita moja, na ule ukanda wa sm 10 uliobaki pembeni unakatwa soksi. Hakikisha upande unaovutika zaidi unazunguka kichwa. Ukikata kinyume, kofia itavutika kwenda juu na kumbana mtoto.

6. USAFI

Mtoto njiti hana kinga ya kutosha, na wodi yake hulindwa dhidi ya maambukizi. Nguo yako ikitoka chini ya cherehani imeshikwa na mikono mingi na imebeba vumbi la sokoni. Ifue kwa sabuni isiyo na manukato makali, isuuze mpaka povu liishe, ikauke kabisa, ipige pasi ya moto, uinyunyue uzi wowote uliobaki, kisha uifunge katika mfuko safi uliofungika. Usishone ukiwa na mafua, na usiache nguo karibu na moshi wa jikoni au wa sigara. Kwenye kibandiko andika: "Fua tena kabla ya kumvisha."

Vibandiko vinaweza kuchapishwa Nasser Road kwa idadi ndogo. Andika namba ya kipimo, gramu, mzingo wa kichwa, aina ya kitambaa na namna ya kufua. Usiandike "inaokoa maisha" wala "imethibitishwa na madaktari." Hukupewa ushahidi wa kusema hivyo.

7. HESABU YA GHARAMA

Tarakimu zifuatazo ni za kujifunzia, kwa shilingi za Uganda. Nenda sokoni uweke bei za kwenu. Gharama ya kifurushi kimoja:

Kitambaa: 3,500
Uzi, lastiki na sindano: 800
Kufua, pasi, mfuko na kibandiko: 700
Usafiri: 500
Akiba ya vipande vilivyoharibika na matengenezo ya cherehani: 500
Kazi, dakika 80 kwa kiwango cha 3,000 kwa saa: 4,000
Jumla: 10,000

Ukiuza 13,000, kinabaki 3,000 kwa kila kifurushi. Tuseme kuna gharama za mwezi zisizobadilika, kama sehemu ya kodi, umeme na simu, jumla 60,000. Gawanya 60,000 kwa 3,000: unahitaji kuuza vifurushi 20 kwa mwezi ili gharama zirudi. Cha 21 ndicho kinaanza kuleta faida.

Sasa angalia kosa linaloua biashara nyingi za wanafunzi. Dada anajishonea mwenyewe, hahesabu kazi yake. Anaona fedha iliyomtoka ni 6,000, anauza 8,000, anasema faida ni 2,000. Kwa kweli amefanya kazi dakika 80 kwa 2,000, yaani 1,500 kwa saa, nusu ya kiwango alichojipangia. Hilo anaweza kulivumilia. Lakini mitihani inafika, hawezi kushona, anaajiri fundi na kumlipa 4,000 kwa kifurushi. Gharama sasa ni 10,000 na wateja wamezoea 8,000. Kila anapouza anapoteza 2,000, na kadiri wateja wanavyoongezeka ndivyo hasara inavyokua. Weka mshahara wa fundi ndani ya bei tangu siku ya kwanza, hata kama fundi ni wewe.

Kwa anayeshindwa bei ya kifurushi, uza kofia moja peke yake. Mama mwenye uwezo wa kununua kitu kimoja tu anunue kile kinachomfaa mtoto zaidi.

8. MTAJI

Vifurushi 10 vya mwanzo, kwa mfano wetu, vinahitaji fedha taslimu 60,000 kama cherehani ni ya kuazima na kazi ni yenu. Usianze na 100. Kwa hivyo 10, kata 1 cha Namba 1, 4 vya Namba 2 na 5 vya Namba 3. Kisha daftari la mauzo ndilo liamue.

Anayekosa fedha si lazima akimbilie mkopo wa riba. Mfumo wa mudharaba unafaa biashara ya ukubwa huu: mmoja anatoa mali, mwingine anatoa kazi na ujuzi. Faida hugawanywa kwa sehemu mliyokubaliana, mfano nusu kwa nusu au sita kwa nne. Isitajwe kiasi maalumu cha fedha ambacho mwenye mali atapokea kila mwezi liwe jua iwe mvua. Hasara ikitokea bila uzembe, mwenye mali hupoteza katika mali yake na mwenye kazi hupoteza jasho lake. Andikeni, mtie saini, wawepo mashahidi. Urafiki wa bwenini umevunjika mara nyingi kwa sababu ya maneno "tutaelewana tu."

Biashara ikishaonyesha uhai, sajili jina lake URSB, pata namba ya mlipa kodi URA, na uliza leseni ya biashara katika ofisi ya mji au manispaa yenu. Kwa masuala ya ubora, ofisi ya viwango ni UNBS. Hospitali na mashirika kwa kawaida hayanunui kwa mtu asiye na stakabadhi.

9. ADABU YA KUUZA

Wodi ya watoto njiti si soko. Usipite kitanda kwa kitanda na begi lako. Usimpe muuguzi asilimia kwa kila mteja anayekuletea. Ukifanya hivyo, ushauri wake kwa mama unageuka tangazo lako, na mama hana njia ya kujua. Usipige picha ya mtoto kwa ajili ya matangazo, hata kama mama, kwa uchovu na kwa kuona haya, hakukataa. Mtoto wa bandia wa mchele anatosha kwa picha.

Mahali pazuri pa kuuzia ni maduka ya vifaa vya uzazi yaliyo nje ya lango la hospitali, vikundi vya kina mama, na kwa ndugu wanaotafuta zawadi ya kupeleka. Jumuiya za wanafunzi na misikiti huweza kununua vifurushi na kuvikabidhi wodini kwa idhini ya msimamizi. Tarehe 17 Novemba ni Siku ya Watoto Njiti Duniani, na hospitali nyingi huiadhimisha. Jiandae mwezi mmoja kabla. Mtu akikulipa ili upeleke vifurushi kwa niaba yake, mrudishie karatasi iliyosainiwa na wodi yenye idadi kamili. Hiyo ni amana.

Liko jambo la mwisho, nalo ni zito. Baadhi ya watoto utakaowashonea hawatatoka hospitali wakiwa hai. Baba aliyelipa asubuhi anaweza kukupigia jioni kusema nguo haihitajiki tena. Amueni leo, kabla ya kuuza kifurushi cha kwanza, mtafanya nini siku hiyo. Pendekezo la somo hili: rudisha fedha yote siku ileile, usiulize maswali, usidai nguo irudi, na toa pole. Hasara hiyo iwekeni ndani ya ile akiba ya gharama. Aliyefiwa asilazimike kubishana na fundi juu ya shilingi elfu kumi na tatu.

10. MPANGO WA SIKU 60

Wiki ya 1 na 2: zungumza na muuguzi msimamizi wa hospitali moja, na wazazi watatu ambao watoto wao wameshatoka hospitali. Andika majibu.
Wiki ya 3: nunua mita 2 za kitambaa, kichome, kifue, kishone sampuli moja ya kila namba.
Wiki ya 4: jaribu kwa mtoto wa bandia, kisha mpelekee muuguzi sampuli azikosoe. Rekebisha.
Wiki ya 5 na 6: shona vifurushi 10. Pima kwa saa dakika unazotumia kweli.
Wiki ya 7 na 8: uza. Kila mauzo yaandikwe: namba gani, nani alinunua (mama, baba, ndugu au mfadhili), alilalamika nini.
Siku ya 60: kaeni na daftari. Ikiwa Namba 3 imekwisha na Namba 1 imebaki, msilazimishe. Kata kinachohitajika.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Mfadhili anataka suti 50 za mwili mzima zenye jina lake, apeleke wodi ya kangaruu. Ni oda kubwa kuliko zote mlizopata. Mtamjibu nini, na mtampendekezea nini badala yake?

2. Gharama ya kitambaa ikipanda kutoka 3,500 hadi 4,500 na bei ikabaki 13,000, mtahitaji kuuza vifurushi vingapi kwa mwezi ili gharama za 60,000 zirudi?

3. Mwenye mali anataka apewe 50,000 kila mwezi, biashara ipate faida au isipate. Eleza tatizo la sharti hilo, kisha andika upya makubaliano yanayokubalika.

4. Muuguzi amekuambia vikamba vya ubavuni vinamchelewesha usiku anapombadilisha mtoto. Buni njia nyingine ya kufunga shati isiyovunja masharti ya sehemu ya 5, uijaribu kwa mtoto wa mchele, na ulete kielelezo katika kikao kijacho.